Neno Lililomkwama Mfaume

Tamimu, weka shoka chini. Nimesema chini, mwanangu, usiliegemeze ukutani karibu na mkono wako kama mtu anayengoja kuitwa kazini, lisogeze huko mbali kwenye mtungi, halafu uje ukae hapa ukingoni mwa kitanda nikuone. Mwanamina, na weye sogea. Zabibu, mke wangu, acha kulia, sijafa bado. Nitakapokufa nitakuarifu, mie si mtu wa kuondoka bila kuaga. Tegeni masikio yote sita, maana sauti yangu hii, ambayo zamani nikiita niko Mbuchi watu wa Kiongoroni wanaitika, leo haifiki hata kwenye miguu yangu mwenyewe.

Najua mnachokingoja. Huko nje, kwenye ukingo wa baraza, Mtoro ndugu yangu, tumbo moja, ziwa moja, amekaa tangu asubuhi mvua inamnyea mgongoni. Anataka aingie tuombane radhi kabla sijakata roho, na nyie hamjampa hata kipande cha jamvi. Vizuri. Mie ndiye niliyewaambia msimpe. Leo siku ya arobaini na tano nawaambia kwamba mtu yule alisimama njiani akamtazama Mfaume, mwanangu wa kwanza, kaka'enu, akipigwa risasi, akafumba mdomo kama chaza. Na wewe, Tamimu, nimekwambia kila siku kwamba siku nitakayokufa shoka langu ni lako, na kazi yake ya kwanza nikakutajia. Sasa mnataka niitamke mbele ya mama'enu, iwe wosia, kwa sababu maneno ya mgonjwa mtu anaweza kuyapuuza lakini wosia wa mzazi hauna wa kuubisha. Haya. Nitatamka. Lakini nitatamka kwa njia yangu, na njia yangu ni ndefu, na asiye na subira akakae na Mtoro mvuani.

Mwanzo mjue mnarithi kwa nani. Mie Haruni nimekata boriti Kiongoroni miaka kumi na miwili, nimekata mikoko mpaka kaa wakawa hawana pa kujificha jua, na majahazi ya Waarabu yalikuwa yakifika yanauliza, "Haruni yupo?" na yakiambiwa hayupo yanageuza tanga. Mamba wa Rufiji nikiingia majini wanatoka. Usicheke, Mwanamina, wewe ulikuwa bado hujazaliwa, mamba wenyewe ndio mashahidi. Basi mtu huyo huyo, na sifa zote hizo, akaja Mdachi akampa jembe akamwambia kalime pamba. Si pamba yangu! Pamba ya akida! Mpunga wangu unaliwa na nguruwe kule bondeni, mie nimeinama kwenye shamba la mtu ambaye hata kuinama hajui, na nyuma yangu kasimama msimamizi na kiboko cha ngozi ya kiboko. Na msimamizi ni nani? Ni huyo aliye nje. Mtoro. Mdogo wangu niliyembeba mgongoni, niliyemtafunia muhogo alipokuwa hana meno, anaambiwa na akida ampige kaka yake, naye anapiga. Alikuwa anapiga pole pole, hilo nakubali, alikuwa anapiga ardhi karibu na mguu wangu na mie nalia kwa nguvu ili akida asikie. Lakini alipiga! Ardhi ya baba'etu aliipiga!

Ndiyo maana maji yalipokuja niliyakimbilia. Mnakumbuka mwezi ule, watu wanatoka milimani kwa Wamatumbi na vibuyu, wanasema kuna dawa, ukipakwa maji hayo risasi ya Mdachi itageuka maji. Nilipakwa kichwani, nikapakwa kifuani, nikanyweshwa, na kwa kuwa mie ni mie nikaomba nirudiwe mara mbili. Tukapewa na miiko yake: usilale na mkeo, usiibe, usichukue kitu cha mtu hata punje. Niliishika miiko ile kwelikweli. Zabibu ni shahidi, nililala kwenye gogo la mnazi siku kumi na moja. Mtu aliyefunga Ramadhani tangu ana miaka saba hashindwi na siku kumi na moja! Halafu tukaenda, tunaimba maji, maji, maji, mie mbele, nyuma yangu watu elfu, sawa, watu mia, sawa, tulikuwa watu thelathini na saba, na risasi ya kwanza iliyotoka ikaja nyongani mwangu moja kwa moja kama imetumwa na anwani. Haikugeuka maji. Iligeuka moto. Iko humu mpaka leo, na ndiyo inayoniua, kidonda kimefunga mara tatu na kufunguka mara nne.

Nani alinibeba? Semeni. Mfaume. Mwanangu hakuwa hata na maji ya dawa, aliyakataa, alikuja nyuma yetu kunifuata mie. Akaniweka mgongoni siku mbili, kwenye matope ya mpunga, kwenye matete, njaa, anachimba ming'oko ya porini, anaila mibichi na kunitafunia na mie, na njia nzima ananisemesha nisilale. Na nyie mnajua Mfaume alivyokuwa anasema. Alikuwa anashika nusu ya neno, anaivuta, inarudi, anaivuta, inarudi, kama mtu aliyekwama na mtumbwi topeni. "Mwana, Mwana, Mwana," mpaka mie niseme "mina!" ndipo wewe Mwanamina ujue umeitwa. Ndiyo ilikuwa kazi yangu humu ndani. Yeye anaanza, mie namalizia. Nilimchokoza sana kwa hilo, nilikuwa nikimwambia, "Mwanangu, siku utakayooa, shehe atauliza umekubali, mpaka ujibu bi harusi atakuwa bibi wa watu." Akicheka, kucheka kwake hakukuwa na kigugumizi. Miaka ishirini na mbili nimemmalizia maneno yake. Likumbukeni hilo, nitalirudia.

Akanifikisha kwa Feruzi, mwalimu wa dini wa Wakristo, kule kibandani kwake njia ya Kibiti, kwa kuwa tulisikia ana dawa za vidonda. Siku hiyo alikuwa amepita padri mmoja, mwenye ndevu za kufagilia uwanja, akanitazama, akamtazama Feruzi, wakasemezana, akachukua kata akanimwagia maji kichwani. Maji tena! Nikamwambia, "Bwana, maji ya kwanza yamenileta hapa, haya ya pili yanipeleke wapi?" Akasema yananipeleka peponi leo leo. Basi nikaona heri. Na jina? Akataka kunipa lake la kwao, nikakataa, nikasema mie Haruni. Akafungua kitabu chake akatafuta, akalikuta humo humo, Haruni, nduguye Musa! Niko kwenye vitabu vyote viwili mie, msicheze. Nikabatizwa kwa sababu nilikuwa ninakufa, halafu nikakataa kufa. Padri alishakwenda zake, hakuna aliyenifundisha kitu, nikaamka siku ya tatu mie ni Mkristo na mahitaji yote ya Mkristo, na sijui hata moja.

Mlinicheka. Usikatae, Zabibu. Kijiji kizima hiki cha Mahege kilinicheka, watu wakawa wanavuka njia wasinipe salamu, mwalimu wa chuo cha Kurani akasema Haruni ameritadi. Sikuwaomba mnifuate, na leo siwaombi. Lakini mwezi uliopita wa pili, Mwalimu Feruzi akaja akaniambia, mzee, inaingia Kwaresima, nayo ni siku arobaini za kufunga. Moyo wangu ukafurahi! Nikasema kufunga? Kufunga ndiko nyumbani kwangu! Nikamuuliza daku linaliwa saa ngapi. Akasema hakuna daku. Futari? Akasema hakuna futari, unakula kidogo mchana, unaacha nyama, na maji unakunywa. Maji unakunywa! Nikamwambia, Mwalimu, hiyo ni funga gani, hata mbuzi anaiweza. Na nyama ya kuacha iko wapi? Askari wamekula ng'ombe wakala mbuzi wakala na kamba waliyofungiwa mbuzi, leo unaniambia niache nyama! Basi nikaamua nitawafundisha Wakristo kufunga. Alfajiri mpaka magharibi, tone halipiti, siku arobaini mfululizo, wakae wanishangae. Ndiyo maana mpaka sasa hivi, Zabibu, hiyo kata uliyoishika irudishe mtungini. Jua halijazama.

Siku ya kwanza ya funga hiyo tulikwenda kibandani, mie na mkongojo wangu, na Mfaume akanisindikiza, kwa sababu nani mwingine angenisindikiza? Feruzi akatia kidole kwenye kibakuli akanichora kwenye paji la uso, akaniambia kumbuka wewe ni mavumbi. Mie! Haruni! Nilitaka kumjibu. Ni majivu tu, ya makuti yaliyochomwa. Halafu akamtazama Mfaume, na Mfaume akanitazama mie, na Mfaume hakuwa Mkristo, alikuwa Mwislamu kama nyie, hakuwa na haja nayo. Mie ndiye niliyesema, mpake na huyu, ni mwanangu, tutoke tumefanana. Mie ndiye.

Yaliyofuata nimewahadithia mara mia. Kwamba mie nilichelewa kibandani nikimwonyesha Feruzi kidonda changu, na Mfaume akatangulia. Kwamba pale njia inapokatiza kwenye matete walikuwapo askari wa Mdachi watatu, na Mtoro mbele yao akiwaonyesha njia, maana baada ya pamba alipewa kazi ya kuwaonyesha njia. Kwamba yule askari Mnubi, Kiswahili chake cha kuokota, aliona alama kwenye paji la uso, na wao walishaambiwa wanaopakwa dawa hupakwa kichwani, akamwelekezea bunduki akauliza, "Nini kichwani?" Na Mfaume akajibu. Jibu lilikuwa neno moja. Majivu. Lakini lilimkwama. Akasema maji. Akarudia, maji. Akalivuta tena, maji, maji, na mnajua kwa askari wa Mdachi mwaka huu neno hilo likitajwa mara mbili ni nini. Ni vita hiyo. Ni sisi wote tunaowakimbilia na mikuki. Hakungoja mara ya tano.

Na Mtoro alikuwapo, hatua tatu. Mtoro aliyejua tangu mtoto yule anatambaa kwamba maneno yanamkwama. Ilibaki silabi moja! Hakuambiwa apigane, hakuambiwa afe, alitakiwa aseme "vu" tu, amalizie, kama alivyokuwa akimmalizia hapa hapa ukumbini kwenye sinia la wali. Akanyamaza. Halafu nikawaambia kwamba mie niliposikia mlio nilikuja mbio na mkongojo, nikamkuta askari mmoja nikampiga mpaka mkongojo ukavunjika, wengine wakatoroka. Mkongojo kweli umevunjika. Mmeuona.

Basi siku arobaini nimefunga na hasira yangu. Nilizihesabu kwa shoka, chale moja kila asubuhi kwenye nguzo ile, boriti niliyoikata kwa mkono wangu Kiongoroni, hesabuni wenyewe. Chale ya arobaini ilipotimia nikasema kesho yake ni idi yangu, mshikeni jogoo, na Mwanamina akamshika, kisu kikanolewa, ndipo Feruzi anaingia mlangoni analoa, ananiambia, "Mzee Haruni, vipi, mbona mapema? Jumapili hazihesabiwi." Hazihesabiwi! Jumapili sita nimezifunga alfajiri mpaka magharibi, ulimi umekauka kama kifuu, mtu anakuja kuniambia hazimo hesabuni, bado siku sita! Nani aliyewahi kusikia Ramadhani inarudishwa nyuma siku sita? Nilimtukana, Mungu anisamehe, nilimtukana mpaka mama yake huko alikozikwa akageuka ubavu. Na jogoo yule tangu siku ile anapita hapa mlangoni ananitazama kwa jicho moja, anajua.

Feruzi hakuondoka. Alikaa hapo hapo ulipokaa, Tamimu, akaniuliza, "Mzee, yule mtu anayekuja kila siku kusimama penye uwanja wako, umemsamehe?" Nikamwambia namngojea afe. Akasema kufunga kote huku bila kumsamehe nduguyo ni njaa tu. Nikamjibu, njaa ninayo tayari, tangu Mdachi achome maghala, sikuhitaji dini kuniletea nyingine. Akatoa kile kibao chake cha kunifundishia kusoma, maana tulikuwa tumefika mbali, mie nasoma ba be bi bo bu kama mvua. Akaandika herufi mpya. Akasema tusome, mzee. Va. Nikasoma va. Ve. Vi. Vo.

Pale nikakitupa kile kibao. Mliona kimepasuka mkadhani ni homa.

Haikuwa homa. Tamimu, nipe mkono. Uliokuwa na shoka, huo huo. Nimewaambia uongo mwingi katika maisha yangu na mmeukubali wote kwa kuwa ulikuwa mtamu, mamba, majahazi, watu elfu. Sasa nitawapa moja la kweli, na litakuwa chungu, na mkilisikia msinisemeshe, niacheni nimalize, maana nikikatizwa sitaweza tena.

Sikuchelewa kibandani. Nilikuwa nyuma ya Mfaume hatua ishirini. Nilikuwa namtania, namwambia amepakwa majivu amependeza kuliko mimi. Nikasikia sauti ya askari, na mie, Haruni, ninayehamisha mamba, nikajitupa kwenye matete. Mkongojo ukavunjikia chini yangu. Hapo ndipo ulipovunjika, hakupigwa askari. Nikalala kifudifudi kwenye maji ya mpunga, alama kwenye paji langu la uso, nikaona yote. Nikaona bunduki. Nikamsikia mwanangu ameanza neno. Maji. Na alipokwama, wanangu, aligeuza kichwa. Aligeuka nyuma. Akanitafuta mie nimmalizie, kama miaka yote ishirini na mbili. Maji, ananitafuta. Maji, maji, ananitafuta. Na mie neno ninalo, liko hapa, kwenye ulimi, vu, nikalishika na meno.

Niacheni. Nimesema msinisemeshe.

Na bado. Baada ya mlio, moshi bado haujaondoka, Mtoro akatazama kule Mfaume alikokuwa akitazama. Akaniona. Macho kwa macho, mimi na mdogo wangu, kati yetu matete mawili matatu na mtoto wetu chini. Aliiona alama usoni mwangu. Yule Mnubi akamuuliza, "Kuna mwingine?" Na Mtoro akasema, "Hakuna. Twendeni, njia ni huku." Akawapeleka upande mwingine. Kinywa kilekile. Kilinyamaza kikamuua Mfaume, kikasema kikaniponya mie, na nimekaa siku arobaini na tano nikikitemea mate. Na tangu siku ile amekuja penye uwanja huu, mmemtukana, Zabibu umemmwagia maji ya kuoshea vyombo, na hakusema. Hakusema hata siku moja, "Muulizeni baba'enu alikuwa wapi." Angesema hivyo tu, mngemwacha yeye mkanitemea mie. Amelibeba peke yake. Mtu aliyekuwa akilia akitafuniwa muhogo.

Namchukia. Msidhani simchukii. Alikuwa na silabi moja asiseme, namchukia mpaka kwenye kucha. Lakini silabi hiyo tulikuwa nayo wawili, na mie ndiye baba.

Sasa huu ndio wosia, ule wa kushikwa, yale ya nyuma yote niliyokwambia kuhusu shoka, Tamimu, nimeyafuta. Shoka ni lako. Utakatia boriti, na kuni za mama yako, na ukilinyanyulia mtu wa tumbo la bibi yako hutakuwa na radhi yangu, wala mpunga wako hautakuwa nayo. Ukitaka kumkata mtu, nikate mie, niko hapa, sitachukua muda wako mrefu. Mwanamina, bonde la mpunga ni lako, lote, mpaka kwenye mvule uliolala, wala asije mwanamume akakwambia mwanamke harithi bonde. Mtumbwi ni wa mama'enu. Jembe la Mfaume lisiguswe na mtu, liwekeni juu ya kaburi lake, lioze pale, asilime tena pamba ya mtu hata huko aliko.

Kesho kutwa ndiyo idi yangu, mie sitafika. Feruzi akisema Jumapili nyingine hazihesabiwi mwambieni safari hii nimeshika hesabu mwenyewe. Jogoo achinjwe. Mtoro ndiye amchinje, kwa kuwa yeye ni Mwislamu na alichochinja mtakila nyote, na mle sinia moja, Tamimu na yeye mkono kwa mkono, na asiyeshiba alambe vidole. Kaburi langu liwe karibu na la Mfaume, upande wa nyuma, hatua moja, si ishirini. Feruzi atasoma yake. Mwalimu wa chuo akitaka kusimama mbali na kusoma yake, mwacheni asome, mie niko kwenye vitabu vyote viwili.

Na kuosha... subiri. Subiri, pumzi. Kuosha maiti yangu, maji ayateke Mtoro. Mtoro mwenyewe, ndoo yake, mkono wake. Ya kwanza yalinidanganya, ya pili... ya pili sijui bado, nitayajua leo. Haya ya tatu yawe yake. Akifika hapa kwenye paji la uso asipite kimya. Aliseme lile neno. Kwa sauti. Lote.

Mama Mfaume, nipe radhi. Sijakuomba mbele za watu tangu nikuoe. Nipe. Sawa. Sikusikia, lakini kichwa nimekiona.

Wanangu, sogeeni, mikono yenu hapa. Mungu awape mpunga usioliwa na nguruwe wala na akida. Awape... awape midomo, mseme upesi inapotakiwa, hata kama mnatetemeka. Awape mtu wa kuwamalizia. Vita hii itakwisha, msije mkairithi. Mkiulizwa baba'enu alikuwa nani msiseme mamba. Semeni alijilaza kwenye matete, halafu mwisho akasimama. Na paji la uso mwambieni Feruzi anipake tena yale... yale ya siku ile... yale maji... hapana, Zabibu, si kata, sitaki kunywa, jua halijazama. Nasema yale maji... Kumbe ndivyo ilivyokuwa. Kumbe ndivyo alivyokuwa akisikia, liko hapa halitoki. Maji... maji...

Nani? Nani amelimalizia? Wewe, Tamimu? Basi nani? Sauti imetoka nje.

Limesemwa lote. Nimelisikia lote.

Mwanamina, tandika jamvi. Mfungulieni baba'enu mdogo, analoa.